Tolliver ya Wendell na Friji ya Shabaha

Mbele ya duka la vifaa la Dunnigan, pale Pruett, kuna benchi la mbao ambalo halijawahi kukaliwa na mteja. Wenyewe ni wanne, na kila mmoja ana mahali pake palipobonyea. Mwisho wa kushoto hukaa Orval Petty, aitwaye Jaji, kwa kuwa mwaka mmoja aliitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza, akakaa siku tatu, kesi ikafutwa, na tangu hapo hakuna sheria asiyoijua. Anafuata Clete Vandiver, Redio, ambaye nyumbani ana mtambo wa kunasa mawasiliano ya polisi na zimamoto, kwa hiyo habari za mji anazo hata zile ambazo hazijatokea. Wa tatu ni Harlan Boggs, Shabaha, jina alilolipata kwa kuipiga risasi friji yake mwenyewe. Wa mwisho, karibu na mlango, ni Wendell Stroud, Dizeli, aliyetengeneza mabasi ya shule miaka thelathini na minne bila hata moja kuzimika njiani, jambo ambalo hulitaja yeye tu. Kahawa hutoka kwenye birika kubwa la umeme ndani ya duka. Dunnigan hulijaza mara moja, saa moja asubuhi, na likiisha limeisha, hata umlilie vipi.

Jumatano hiyo Wendell alikuja na sanduku. Akaketi, akaliweka mapajani, akalishika kwa mikono miwili. Lilikuwa sanduku la karatasi ngumu, limeshabandikwa anwani, na juu yake kulikuwa na utepe wa gundi. Halikuwa limefungwa. Wenzake wakaliangalia kwa muda wa nusu kikombe.

— Keki? aliuliza Redio.

— Bastola.

— Ya nani?

— Yangu. Tolliver. Inarudi kiwandani. Gari la vifurushi linapita hapa saa tatu.

Jaji akaweka kikombe chini. Kwa Jaji, kuweka kikombe chini ni kufungua kikao.

— Dizeli, bwana, unaumwa?

Hapo inabidi ieleweke kwamba hakuna mtu kwenye benchi lile asiyekuwa na Tolliver. Zamani sana, kiwanda cha matairi kilipofungwa na watu wakawa na malipo yao ya mwisho mfukoni na hasira zisizo na pa kwenda, Dunnigan alileta kreti nzima ya bastola hizo, milimita tisa, akaziuza nusu bei. Nusu ya Pruett ilinunua. Na miaka kumi na mmoja iliyopita nusu hiyohiyo ya Pruett ikapata barua. Barua ilisema kwamba Tolliver za mwaka ule, hata kifungio cha usalama kikiwa kimefungwa, zikianguka zikatua kwa nyuma, penye nyundo, zinaweza kufyatuka zenyewe. Wenye nazo wazitoe risasi na wazirudishe zikarekebishwe bure. Redio aliwashia jiko la kuni barua yake. Jaji anayo mpaka leo, anawekea alama kwenye kitabu cha dawa za mifugo. Hakuna hata bastola moja iliyoondoka Pruett.

— Siumwi, alisema Wendell. Ni huyu binti yangu, Renee. Shule zinafungwa Ijumaa. Anataka kumleta Josie Jumamosi akae nami mpaka mwisho wa kiangazi. Lakini amesema ile bastola isiwe ndani ya nyumba. Ikarekebishwe kwanza, halafu ikirudi ikae kwenye kabati la chuma. La sivyo Josie anakwenda kwa bibi wa upande wa pili, kule Tulsa.

— Kwenye bwawa la kuogelea, alisema Redio.

— Kwenye bwawa la kuogelea.

Wote wakalifikiria lile bwawa. Wendell hana bwawa. Ana kuku saba, kisima, na nyumba ambayo tangu mkewe Lorraine afariki, Februari ya mwaka jana, haina sauti isipokuwa ya friji na ya kuku. Alikwisha kutandika kitanda cha mjukuu, akakitandua, akakitandika tena.

— Sasa nisikilize, alisema Jaji. Ukishaifunga hiyo na kuipeleka, umekiri.

— Nimekiri nini?

— Kwamba ulikuwa unamiliki kitu cha hatari na ulijua. Kuanzia mwaka ule wa barua. Mtu yeyote aliyewahi kuumia Pruett anaweza kukushtaki.

— Nani aliumia?

— Haijalishi nani. Ndiyo sheria yenyewe.

— Ile kesi yako si ilikuwa ya ng'ombe? aliuliza Shabaha.

— Msingi ni uleule.

Redio akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayewasikitikia watu wazima wasiojua mambo.

— Hiyo ni sheria, haina neno. Shida yenyewe ni chuma. Mnajua chuma cha mwaka ule? Hakipo tena. Kile kilikuwa chuma. Sasa hivi wanaweka makopo ya soda. Wanachotaka ni kukusanya chuma chao cha zamani. Unapeleka Tolliver, wanakurudishia kopo lenye namba ileile.

— Nani kakwambia?

— Nimesikia.

— Kwenye mtambo wa zimamoto?

— Zimamoto wanajua mengi, bwana, we acha tu.

Wendell alikunywa kahawa. Ukweli ni kwamba gari lile lingeweza kumfuata nyumbani. Angepiga simu tu, angelisubiri barazani. Alikuja benchini kwa sababu alitaka kuzuiwa, na alijua fika kwamba hakuna mahali duniani ambapo mtu anaweza kuzuiwa kufanya jambo la maana haraka kama pale. Lakini sasa wanamzuia, na kila sababu wanayomtolea inamfanya aone haya.

— Na mpini, aliendelea Redio, sauti imeshuka.

— Mpini una nini?

— Ikirudi, ndani ya mpini wanakuwa wameweka kidude. Kadogo, kama dengu. Kinawaambia uko wapi saa zote.

— Yuko hapa, alisema Jaji.

— Nasema saa zote.

— Na mimi nakwambia yuko hapa. Nani kule kiwandani anataka kuambiwa kila siku kwamba Wendell Stroud amekaa mbele ya duka la Dunnigan?

— Siku asipokaa, je?

Jaji akalitafakari hilo. Ilionekana limemgusa.

— Nyie mnazunguka tu, alisema Shabaha. Habari ya bastola ni kulenga. Hawa wameandika kwenye barua kwamba watabadilisha na vile vya kulengea, sivyo? Kile kinundu cha mbele na kile chenye mwanya cha nyuma?

— Wameandika, alisema Wendell, akakaza mikono kwenye sanduku.

— Haya. Tolliver zote za Dunnigan zinapiga kushoto. Ya kwangu inapiga kushoto kiganja kizima kwa hatua ishirini. Ya Jaji vilevile.

— Yangu viganja viwili, alisema Jaji, kwa fahari kidogo.

— Kwa nini? Kwa sababu kreti ilisafirishwa ikiwa imelazwa ubavu, siku nne barabarani. Kitu chochote ukikilaza ubavu siku nne kinapinda. Sisi tumeshazoea. Miaka yote hii tunalenga kulia. Sasa waje waninyooshee! Nitakosa kila kitu maishani mwangu.

— Mbona wewe ulishakosa, ukapata friji, alisema Redio.

— Nilimkosa nani?

— Panya.

Wakacheka, wote wanne, hata Wendell. Kila mtu Pruett anaijua ile hadithi. Shabaha alikuwa jikoni asubuhi, akaona panya mkubwa kama paka mdogo anapita mbele ya friji, akachomoa Tolliver, akalenga kulia kama ilivyo ada, panya akaenda zake, friji ikapata tundu. Hadithi hiyo imesimuliwa harusini, imesimuliwa msibani. Mchungaji aliwahi kuisimulia madhabahuni, ingawa alichokuwa anahubiri hasa hakuna anayekumbuka.

— Chekeni, alisema Shabaha. Lakini semeni ukweli. Hizi bastola tumekaa nazo miaka mingapi? Iko wapi hata moja iliyofyatuka yenyewe? Ya nani? Nitajieni jina.

Hakuna aliyetaja jina. Jaji akasema hiyo ndiyo hoja ya kwanza nzuri tangu asubuhi. Redio akasema hata zimamoto hawana kumbukumbu.

Wendell aliangalia saa. Ilikuwa imebaki robo.

— Lorraine alitaka kuipeleka, alisema ghafla. Ile barua ilipokuja. Alijaza fomu yote mwenyewe, kilichobaki ni sahihi yangu. Nikaja nayo hapa.

— Nakumbuka, alisema Jaji.

— Mkacheka. Nikarudi nyumbani nikamwambia jamaa wanasema ni upuuzi. Akaniuliza, "Na hao jamaa zako ndio watakaokuja kupangusa sakafu yangu?" Juzi nimeikuta ile fomu kwenye kopo lake la kadi za mapishi, nyuma ya kadi ya keki ya tufaha. Hakuitupa.

Mtu akimtaja marehemu mkewe saa tatu kasorobo asubuhi, hata Jaji hana kifungu.

— Basi peleka, alisema Shabaha polepole. Kama ni hivyo, peleka, kuna nini?

Wendell alifungua sanduku, akaondoa karatasi za kujazia, akaitoa bastola. Haikuwa na risasi. Kasha la risasi lilikuwa limetolewa, sehemu ya juu imevutwa nyuma, na kamba ya plastiki ya njano imepitishwa mle risasi inamopita, kama maelezo yalivyotaka. Hata hivyo aliielekeza chini, kwenye udongo kati ya viatu vyake, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa. Ilikuwa nzee. Rangi nyeusi imechujuka kwenye kingo, chuma cheupe kinachungulia. Akaonyesha kwa kidole gumba mbele kabisa, juu ya mtutu. Kile kinundu cha kulengea, kidogo kama punje ya mtama, kilikuwa chekundu. Wekundu wa kung'aa.

— Hiyo ni rangi ya kucha, alisema Redio.

— Ya kwake. Baada ya ule upasuaji wa macho alikuwa hakioni kikiwa cheusi. Na mimi nilikuwa natoka alfajiri kwenda kwenye mabasi, anabaki peke yake kule shambani. Siku moja akakaa mezani, akapaka kucha zake kumi, na alipomaliza akapaka na hicho. Akaniambia, "Sasa tunafanana." Wakibadilisha vya kulengea, wanakitupa. Imeandikwa, vipande vya zamani havirudishwi. Nimepiga simu kiwandani. Dada wa watu mpole kabisa, lakini ndiyo hivyo, haviwezi kurudishwa.

Wendell alikuwa anaona uchungu, na hakuuficha. Vitu vyote vya Lorraine alivigawa, nguo kanisani, viatu kwa dada yake, chupa zile za rangi ya kucha Renee alizichukua na zikakauka. Kilichobaki mkononi mwake, cha rangi, ni ile punje.

— Basi usipeleke, alisema Redio, na kwa mara ya kwanza hakutaja alikosikia. Ifungie kabatini. Renee atajuaje?

— Atajua. Ataniuliza, na mimi kumdanganya siwezi.

— Lakini kwa kweli, Dizeli, alisema Jaji, tuseme ukweli kama watu wazima. Unakitupa kitu kama hicho kwa ajili ya hatari ambayo hakuna mtu ameiona. Shabaha ameuliza, hakuna aliyemjibu. Hata moja. Miaka yote hii.

Wendell aliirudisha bastola sandukuni, lakini akaacha vifuniko wazi. Akajikuta anakubaliana naye. Hata moja, miaka yote hii. Angempigia Renee, angeongea naye taratibu. Tulsa si mbali kiasi hicho. Angekwenda kumwona mtoto mara moja, mara mbili.

Gari la vifurushi likaja likiwa limetangulia dakika tano. Dereva hakuwa yule wa siku zote. Alikuwa dada wa miaka kama thelathini, nywele kazifunga kwa kalamu, kwenye kifua jina limeshonwa: Delphine.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Nani ana mzigo wa Tolliver?

— Bado unajadiliwa, alisema Jaji.

— Haya, jadilini haraka, nina kituo kingine Ellery.

— Yule wa zamani alikuwa anakunywa kahawa na sisi kwanza, alisema Redio. Kaa, mwanangu. Huyu ni Jaji, huyu ni Dizeli, huyu hapa katikati ndiye Shabaha.

Delphine akamwangalia Shabaha, uso ukachangamka.

— Shabaha wa friji? Basi mimi ndiye niliyeinunua! Jumamosi iliyopita, mkeo alipokuwa anauza vitu uani. Nimeiweka gereji, naweka minyoo ya kuvulia. Inapiga baridi safi sana.

— Friji ile haifi, alisema Shabaha.

— Niliuliza habari ya matundu, mkeo akasema, "Hayo kamuulize mwenyewe." Majirani ndio wakanisimulia ya panya. Nikacheka mpaka basi. Lakini kuna kitu sijaelewa, mzee wangu, labda wewe utanifafanulia.

— Uliza.

— Risasi imeingia mlangoni, hapa chini, usawa wa droo ya mboga. Imetokea juu kabisa, kwenye sehemu ya barafu. Imepanda. Sasa wewe ulikuwa unampiga panya aliye sakafuni. Ulikuwa umelala chini ya nini?

Aliuliza bila ubaya wowote, anatabasamu, anangoja kuchekeshwa. Jaji alikunja uso, akainua kiganja chake usawa wa paji kama anayepima kimo cha kitu, akakishusha. Wote wamekwisha kuiona friji ile, wameegemea mlango wake, wametoa bia ndani yake, wametia vidole kwenye matundu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuunganisha la chini na la juu.

Shabaha alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake, nacho hakikuwa na kitu.

— Harlan, alisema Wendell. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwite jina hilo pale. Harlan, ulikuwa unaiweka wapi ile bastola?

— Juu ya friji.

— Imefungwa usalama?

— Imefungwa. Mke wangu Noreen alifunga mlango kwa nguvu. Tu. Mlango wa friji, kama mtu yeyote anavyofunga. Ikateleza.

— Ikatua kwa nyuma.

— Ikatua kwa nyuma.

— Carla alikuwa wapi?

Carla ni binti yake Shabaha. Siku hizi ni mtu mzima, yuko benki kule Springfield, ana watoto wawili.

— Mezani. Alikuwa na miaka minne. Anakula nafaka zake na maziwa. Hakulia hata kidogo. Aliniangalia tu.

— Na panya? aliuliza Redio, kwa sauti ndogo kabisa.

— Hakukuwa na panya, Clete. Nilikuja hapa kesho yake natetemeka, mkaniuliza nina nini, nikawaambia panya. Mkacheka. Nikaona afadhali mcheke.

Wendell alihisi hasira inampanda hadi masikioni.

— Barua ilipokuja ulikuwa umekaa hapohapo. Lorraine ameshajaza fomu. Na wewe ukacheka na wenzako. Na sasa hivi umetuambia tukutajie jina!

— Nilikuwa nimekaa hapahapa, alisema Shabaha. Sina la kusema, Wendell.

Delphine alikuwa amesimama na kile kimashine chake cha kusomea anwani mkononi, tabasamu limemwisha, anaangalia lami.

Wendell akaingiza mkono sandukuni. Akaipapasa ile punje nyekundu kwa kidole gumba mara moja, kama mtu anayemfuta mtoto chozi. Kisha akafunika karatasi, akakunja vifuniko, akavuta utepe. Utepe ukajikunja, ukagandamana wenyewe kwa wenyewe. Akaubandua, ukagandamana tena. Mikono iliyofungua injini za mabasi miaka thelathini na minne ilikuwa haiwezi kunyoosha utepe. Shabaha akasogea karibu, akaweka kidole juu ya vifuniko, akashikilia. Wendell hakumwangalia, lakini alivuta utepe ukapita juu ya kile kidole, naye Shabaha akakichomoa kwa wakati, na upande wa pili akashikilia tena.

Delphine akasoma anwani, kimashine kikalia, akalichukua sanduku kwa mikono miwili, akaliweka garini mahali pa peke yake.

— Jumatatu litakuwa limefika, alisema. Asanteni, wazee wangu. Samahani kama nimeuliza vibaya.

— Hukuuliza vibaya, alisema Shabaha.

Gari lilipogeuka kona ya benki, Wendell akatoa barua ya kiwanda mfukoni, akaikunjua, akamwekea Shabaha gotini. Namba ya simu ilikuwa chini, kwa herufi kubwa. Kisha akaingia dukani, akamwomba Dunnigan simu ya kaunta, kwa kuwa yake ya mkononi aliisahau kwenye kitanda cha Josie.

— Renee? Imeondoka. Sasa hivi... Ndiyo, nimeona kwa macho yangu.

Akasikiliza. Kule upande wa pili Renee aliuliza jambo, na Wendell akashika ukingo wa kaunta.

— Na rangi ya mama yako. Ndiyo. Imeondoka nayo.

Dunnigan akajifanya anahesabu misumari.

— Mlete Jumamosi, alisema Wendell. Aje na buti, kuna matope kwa kuku. Na uje na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Nunua mpya. Ikirudi, nitakaa naye Josie mezani, nimwonyeshe bibi yake alivyofanya.

Alipotoka nje, Jaji alikuwa amesimama mlangoni pa gari lake, anapekua chini ya kiti, anatafuta kitabu cha dawa za mifugo, kile chenye barua yake. Nyuma yake, ndani ya duka, Redio alikuwa ameinamisha birika mpaka mwisho juu ya kikombe, na hakuna kilichotoka.